Giga Nane na Kinyota Kimoja

Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Kenya. Wasomaji wa Nairobi tulieni: Kenya yetu ni komini ya Lubumbashi, huku Kongo. Ina soko lake, ina vumbi lake, na rais wake ni mama anayeuza mikate pale konani, kwa sababu ndiye peke yake anayejua nani ana deni na nani anajifanya hana.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya tochi. Sina neno baya juu yake. Chaji ilikaa siku nne, na siku ilipoanguka ndani ya ndoo niliitoa, nikaipangusa kwa suruali ya mteja, ikaendelea na kazi. Lakini wateja wa sasa hawaji tena na kikwembe (kitenge) mkononi wakisema "nishonee kama ile ya mke wa shemasi". Wanatuma modeli kwa WhatsApp. Ukiwaambia simu yako haipokei picha, wanakutazama kama fundi aliyekiri hana sindano.

Basi nikaenda mjini, duka moja hivi, jina lake nalimeza. Kijana wa duka akanyanyua kikasha juu kama padri anavyonyanyua kikombe.

"Papa, hii ni giga nane za RAM! Nane! Dola mia na ishirini tu, paka hizo."

"RAM ni nini?"

"Ni nguvu, papa."

Nani anakataa nguvu? Nikalipa. Kwenye kikasha ile 8 imechorwa kubwa, unaweza kuisoma ukiwa Kipushi. Pembeni yake kulikuwa na kinyota kidogo. Nilidhani ni pambo. Mimi mwenyewe huwa naweka kinyota kwenye mfuko wa shati mteja akitaka lipendeze.

Miezi mitatu ya kwanza tulipendana, mimi na simu. Kisha ikaja harusi. Dada wa bwana harusi aliagiza magauni kumi na manne ya kikwembe kimoja, na kwa kila gauni alituma picha kama za ushahidi wa mahakamani: mbele, nyuma, ubavu, bega lililokuzwa, mwanamke wa Lagos asiyejulikana na mtu. Asubuhi anataka shingo ya mviringo. Mchana ameona nyingine. Usiku, wakati Wakristo wamelala, anatuma sauti ya dakika sita kueleza mikono.

Simu ikaanza kuchoka. Nabonyeza picha, inafikiri. Nabonyeza tena, inafikiri juu ya lile nililobonyeza kwanza. Halafu inaanza kurukaruka pale pale ilipo: picha inakuja, inaondoka, inakuja. Mmemwona Kidiaba, aliyekuwa kipa wa timu yetu ya TP Mazembe, alivyokuwa akishangilia, anakaa chini na kudunda kwa makalio uwanja mzima? Ndiyo simu yangu. Tofauti ni kwamba Kidiaba alikuwa anashangilia bao.

Siku moja nimekwisha kutandaza kikwembe, mkasi mkononi, nataka kuhakikisha urefu wa mkono. Nikafungua picha. Nikasubiri. Mteja amekaa mbele yangu, anatazama saa. Nikasema moyoni, wee, miaka ishirini na mbili ya kazi, utakosaje mkono? Nikakata. Kitambaa kilipoachana tu, picha ikafunguka, safi, yenye mwanga, ikionyesha mkono mrefu hadi kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nimekata wa kwapani.

Hasara ile niliilipa kwa meta mbili za kikwembe na wiki moja ya kusalimiwa kwa kichwa tu.

Juu ya hapo, simu ikaanza kunipigia kelele kwamba nafasi imeisha. Giga 64, imeisha! Nikafuta video za mahubiri. Nikafuta mabao. Nikafuta picha za ubatizo wa mtoto wa jirani, ambazo hata sijui zilifikaje kwangu. Mke wangu akiona nafuta, anauliza nafuta nini. Nikimwonyesha, anauliza kwa nini nimemwonyesha haraka hivyo. Na kesho yake nafasi imeisha tena, picha zimerundikana kama lile rundo jeusi la masalio ya madini pale kwenye bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, ambalo limekuwa mlima hadi watu wanapiga nalo picha.

Hapo ndipo alipokuja mwana wa dada yangu. Anasoma mambo ya informatiki, na kila akija kunisalimia anakuja saa ya bukari, yaani ugali. Ananiita manseba, yaani mjomba, kama ilivyo heshima. Shida ni kwamba mjini hapa madereva wote wa pikipiki nao tunawaita manseba, kwa hiyo akiniita akiwa barabarani, wanageuka watano.

Akachukua simu, akaipekua kidogo, akacheka. Mtu aliyesoma akicheka mbele ya kitu chako, shika mfuko.

"Manseba, hii simu ina giga nne."

"Nane."

"Nne za kweli. Nne zingine ni RAM pepe."

Mke wangu alikuwa anasonga bukari. Mwiko ukasimama.

"RAM ya pepo?"

"Pepe, mama. Pepe."

"Nilijua. Usiku inawaka yenyewe. Jumapili tunaipeleka kwa mchungaji."

Ilituchukua robo saa kutenganisha pepe na pepo, na hadi leo sina hakika kama tumefaulu.

Kijana akaona anieleze kwa lugha ya kazi yangu. Akapiga kofi juu ya meza. RAM, akasema, ni hii meza ya kukatia. Unachokishona sasa kiko juu yake, unanyoosha mkono unakipata. Zile giga 64 ni sanduku la kuhifadhia. Kampuni imekuuzia meza ya giga nne, kisha imechukua giga nne za ndani ya sanduku lako, imezipiga mstari wa chaki, imesema na hapa pia ni meza. Meza ikijaa, simu inachukua kitambaa ambacho hujakigusa siku nyingi, inakipeleka sandukuni. Ukikitaka, inakirudisha.

"Sanduku liko wapi?"

"Tuseme Ruashi."

"Na anayekwenda kukileta?"

"Manseba wa pikipiki."

Nikaelewa yote. Nikaelewa hata ule mkono wa kwapani. Wakati mimi nimesimama na mkasi, picha yangu ilikuwa juu ya pikipiki, imekwama kwenye msongamano, dereva anabishana na polisi.

Akanipa na hesabu. RAM ya simu za siku hizi inapitisha zaidi ya gigabaiti kumi kwa sekunde moja. Sanduku la simu ya bei yangu, aina wanayoiita eMMC, hata likiwa limeamka vizuri na kunywa chai, linatoa megabaiti mia tatu hivi. Na likiombwa vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, ndiyo kazi yenyewe hiyo, linazidi kushuka. Halafu chembe za sanduku lile zina idadi ya mara za kuandikwa na kufutwa. Si leo wala kesho zitakwisha, lakini mimi fundi najua: kitambaa ukikishona, ukakifumua, ukakishona, ukakifumua, siku moja sindano inapita bila kushika kitu.

Yaani niliuziwa sanduku mara mbili! Mara ya kwanza kwa jina la sanduku, mara ya pili kwa jina la meza. Ni sawa na mwenye nyumba akupangishe vyumba viwili, kisha akuandikie vinne kwa sababu uvunguni mwa kitanda pia mtu anaweza kulala.

Nikamwambia alete kikasha. Kiko pale juu ya kabati, mke wangu anawekea vifungo. Tukatafuta kinyota. Tukageuza kikasha upande wa chini, tukasogea dirishani, mtoto akaleta tochi, na kweli, kinyota kilikuwa na ndugu yake huko chini, na maandishi kama mayai ya chawa: nne, kujumlisha nne za kupanuliwa kutoka kwenye hifadhi. Kwa hiyo hawakusema uongo. Waliusema ukweli kwa sauti ya mbu.

Na hapa mniache nilalamike kidogo kama mtu wa Katanga. Simu hizi ndani yake kuna shaba na kobalti, na kobalti ya dunia sehemu kubwa inachimbwa huku kwetu. Sisi tunatoa shaba ya kweli. Tunatoa kobalti ya kweli, tani halisi, malori yanapasua lami hadi mpakani Kasumbalesa. Inazunguka dunia, inarudi hapa, ndipo ninapogundua kwamba kitu pekee kisicho cha kweli mle ndani ni kile nilicholipia zaidi.

Kijana akajaribu kuwatetea. Akasema kila kampuni ina jina lake: Samsung wanaita RAM Plus, Tecno wanaita MemFusion, wengine wanaita upanuzi wa memori. (Mtu mwenye majina mengi hivyo mimi namwomba kadi ya uchaguzi.) Akasema si wizi, ni ujanja wa zamani, kompyuta moja ya Manchester iitwayo Atlas ilikuwa nao tangu 1962. Nikamjibu kwamba mwaka 1962 hata Katanga ilikuwa inajiita nchi. Akanyamaza, akala.

Baada ya kula nikasema: zima.

Kuzima kwenyewe ni jambo la kidole kimoja, tatizo ni kukifikisha kidole mahali pake. Kila kampuni imeuficha mlango ule kwenye ukuta tofauti. Tukapita kwenye betri, tukapita kwenye skrini, tukafika mahali pa kubadilisha mlio wa kengele, na mimi kwa sababu nilikuwa pale nikaubadilisha. Mwishowe akaandika "RAM" kwenye kile kisanduku cha kutafutia juu ya mipangilio, mlango ukajileta wenyewe. Kuna kitufe. Akakisukuma. Simu ikasema haiwezi kutii mpaka izimwe na kuwashwa upya.

Betri asilimia sita. Umeme umekatika tangu saa mbili asubuhi.

Kijana akasema tungoje, simu ikizimikia njiani wakati inawaka tutaanza kubishana na mambo mengine. Nikaipeleka kwa jirani mwenye paneli ya jua, franka 500, nikakuta simu tisa zimepangwa mbele yangu kama wagonjwa. Nikarudi nayo jioni. Tukaiwasha upya. Ikaonyesha jina la kampuni, ikazima, ikaonyesha tena, mke wangu akawa anasali taratibu akidhani simsikii. Ikawaka.

Ikaomba namba ya siri.

Mimi tangu niinunue nafungua kwa kidole. Kumbe simu ikiwashwa upya haitaki kidole chako mara ya kwanza, inataka namba. Namba gani? Nikajaribu mwaka niliozaliwa. Nikajaribu mwaka wa ndoa. Ikakataa, na mke wangu akanitazama. Ndipo mtoto wangu wa mwisho, wa miaka tisa, akasema bila hata kuinua kichwa kwenye daftari lake: "2-0-1-0, papa. Mwaka Mazembe walicheza na Inter." Sikumuuliza anaijuaje. Hiyo nitaifanyia kikao chake.

Sitawadanganya kwamba simu imekuwa ndege. Lakini Kidiaba ameacha kudunda. Picha inafunguka kabla ya mkasi. Na giga zangu nne zimerudi sandukuni kwake, nimeziona kwa macho.

Ubaya upo pia. Meza ya giga nne ni ndogo kweli. Jana nilikuwa natuma pesa kwa simu, nikatoka kidogo kwenda kwenye kikokotoo kupigia hesabu uzi, niliporudi ile fomu ya pesa ilikuwa imefungwa na kusahau kila kitu, kama mdeni. Kijana anasema ndivyo Android inavyofanya meza ikijaa: inafukuza programu ya zamani. Na kabla ya kufukuza, simu nyingi zinakunja kwanza vitu palepale juu ya meza vichukue nafasi ndogo, nguo zikibanwa vizuri zinaingia nyingi. Hiyo naikubali. Kukunja ni kazi ya heshima, haihitaji pikipiki. Na anasema kama mtu anataka programu nyingi zikae zinamsubiri, na sanduku lake ni la kasi, aiache ile RAM pepe ifanye kazi. Huyo mtu si mimi. Mimi nataka picha moja na mkono mmoja.

Yule dada wa bwana harusi aliposikia simu yangu imepona, alituma modeli arobaini na moja usiku huohuo. Gauni lake nilishalimaliza. Hizo ni za ubatizo, na bado hata hajapata mimba bibi harusi.

Juzi nikapita tena pale dukani kununua waya wa chaji. Kijana akanitambua, akatabasamu meno yote.

"Papa! Kuna mpya. Giga kumi na sita!"

Nikaegemea kaunta.

"Kumi na sita za meza tupu, ao meza na sanduku?"

Akanitazama. Akakitazama kikasha. Kisha taratibu, bila kuacha kutabasamu, akasogeza kidole gumba mpaka kikafunika kinyota.