Mwacheni Bibi aende sokoni mwenyewe

Kwetu pwani, heshima ya mzee ni kukalishwa. Akishika ndoo, mjukuu anampokonya. Akijifunga khanga aende sokoni, anaambiwa, "Bibi, tulia, tutakuletea." Nia ni njema kabisa, lakini naamini tunawadhuru wazee wetu ubongo kwa kuwapumzisha mno.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, Kirk Erickson na wenzake, walitoa matokeo ya utafiti wa watu 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80. Nusu yao walitembea siku tatu kwa wiki, wakianza na dakika 10 na kupanda taratibu hadi 40. Waliobaki walinyoosha viungo tu. Mwaka ulipokwisha, hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 kwa waliotembea. Kwa wenzao ilikuwa imesinyaa kwa asilimia 1.4. Yaani kutembea tu, jambo ambalo Bibi anataka kulifanya na sisi tunamzuia!

Na kufunga je, nako kunausaidia ubongo? Mimi nafunga, na naipenda Ramadhani, ila hapa tuseme kweli. Ukikaa kama saa 12 bila kula, akiba ya sukari kwenye ini hupungua, mwili ukaanza kuchoma mafuta na kutengeneza ketoni, ambazo ubongo huzitumia kama nishati. Mark Mattson, mtafiti wa miaka mingi wa mambo haya, alionyesha kwamba chembe za ubongo wa panya waliofungishwa huhimili madhara vizuri zaidi. Lakini hao ni panya. Kwa binadamu ushahidi bado ni mchanga, haujafikia ule wa mazoezi.

Tena tazama tunavyofuturu: kaimati zinazochuruzika shira, sambusa, mihogo ya nazi, juisi iliyokolezwa sukari, kisha mtu anajinyoosha mkekani. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yakiwemo presha, kisukari na kutoushughulisha mwili, likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Faida tuliyoichuma mchana kutwa tunaimwaga kwa sahani moja ya futari.

Mzee anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari asifunge kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari ikishuka ghafla ubongo huumia haraka sana. Hili wengi wanaona haya kulisema mbele ya wazee, na mimi nasema lisemwe mapema, kabla Shaaban haijaisha.

Babu naye akiamua kuswali msikiti wa mtaa wa pili badala ya ule wa jirani, msimwitie bodaboda. Mkihofia magari, mmoja wenu avae viatu afuatane naye.