Gari limefika, damu bado inatoka

Halmashauri ikipokea magari mapya ya wagonjwa, wananchi hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na katika saa hizo mbili gari ni sehemu moja tu ya kazi. Mengine hufanyika kabla halijafika, likiwa njiani, na pale mlango wa hospitali unapofunguliwa. Huko ndiko tunakopoteza wanawake ambao wangepona.

Sisemi kwamba hatujasogea. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Usafiri nao umebadilika. Mfumo wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa na ukaanza kusambazwa nchi nzima 2022. Mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo, mratibu anamuuliza maswali kuhusu hali ya mgonjwa, kisha anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu. Likikosekana, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake inalipwa kwa simu. Mume hahitaji tena kuzunguka kijiji usiku akikopa hela ya mafuta. Hilo ni jambo kubwa.

Sasa tuangalie kinachofanyika wakati gari linasubiriwa.

Oksitosini, sindano ya uniti 10 ya kukaza mji wa mimba ambayo kila mama hupaswa kuchomwa mara mtoto anapotoka, inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ikiachwa kabatini katika joto la Tabora au la Pwani, nguvu yake inapungua polepole, na ukiitazama chupa huwezi kujua. Mkunga anachoma, mji wa mimba haukazi, anadhani mgonjwa ana tatizo la ajabu. Pengine friji ipo chumba cha pili, lakini ameambiwa ni ya chanjo tu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishakubali oksitosini ihifadhiwe pamoja na chanjo. Mganga mfawidhi anaweza kulimaliza jambo hili leo bila bajeti yoyote: atenge rafu moja na kuiandika jina.

Kosa la pili ni kukadiria damu kwa macho. Kanga inanyonya, godoro linanyonya, nyingine inamwagika sakafuni, na anayekadiria karibu kila mara anataja pungufu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo chini ya makalio. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 huku mapigo au presha vikionyesha hatari, hatua zote zinaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, oksitosini, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, inayoingizwa mshipani taratibu kwa dakika 10, dripu, na kukagua kondo na njia ya uzazi kutafuta palipochanika. Uvujaji mkubwa, upasuaji wa kuokoa maisha na vifo kutokana na kuvuja damu, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo hazikuwa ngeni. Kilichobadilika ni kwamba damu ilipimwa na hakuna aliyesubiri dawa moja ishindwe ndipo ajaribu nyingine.

Kanula, ile mirija midogo ya kuingizia dripu mshipani, nazo zina habari yake. Mama anayevuja anahitaji mbili, namba 16 ya kijivu, moja kila mkono, na ziwekwe mapema, kwa sababu mishipa ikishalala hata mkono mzoefu unahangaika. Ile ya bluu, namba 22, inapitisha maji kidogo mno kwa mtu anayepoteza damu kwa kasi, lakini ndiyo inayotumika pale za kijivu zinapokuwa zimeisha.

Ndani ya gari, naomba kila anayehusika ajifunze hesabu moja. Mtungi mdogo wa oksijeni wa lita 340, ukifunguliwa kwa lita 10 kwa dakika, unaisha baada ya dakika 34, na hapo tumeuhesabu ukiwa umejaa. Safari ya saa mbili inahitaji lita 1,200. Ongeza nusu yake kwa ajili ya matope, pancha au daraja lililokatika, unapata 1,800. Hiyo ni mitungi sita midogo, au miwili mikubwa ya lita 1,360. Gari likiondoka na mtungi mmoja mdogo, inajulikana kabla ya kuwasha injini kwamba oksijeni itaishia porini. Geji isomwe na kuandikwa kila zamu inapobadilishana, na spana ya kufungulia mtungi ifungwe kwa kamba pale pale.

Teksi ya dereva wa jamii haina hata mtungi huo mmoja, kwa hiyo anayemsindikiza mgonjwa ndiye huduma yenyewe. Hapa pana ugumu wa kweli. Zahanati nyingi zina muuguzi mmoja usiku. Akipanda gari, anayekuja nyuma yake na uchungu anakuta mlango umefungwa. Pamoja na hayo, msimamo wangu ni kwamba apande, kwa sababu mji wa mimba unaolegea njiani unahitaji mkono wa kuusugua, na ndugu hajui pa kushika. Wilaya ndiyo yenye wajibu wa kupanga nani anaitwa kushika zamu yake.

Kisha mapokezi. Simu ipigwe gari likiondoka, itaje kundi la damu kama linajulikana, kiasi kilichopotea, dawa na saa zilipotolewa. Ndugu wawili wakija kutoa damu, mfuko wao hautumiki papo hapo. Lazima upimwe VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Damu ya kumwokoa ni ile iliyokwisha kupimwa na kusubiri frijini, na maabara ikiambiwa saa moja kabla inaanza kuiandaa.

Kuna pia lile vazi la kubana miguu na tumbo ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Linafungwa kuanzia vifundoni kwenda juu. Linatolewa pia kuanzia vifundoni, sehemu moja moja kwa kuachana dakika 15, na tu baada ya mama kutulia saa 2 huku akivuja chini ya mililita 50 kwa saa. Presha ikishuka kwa 20 au mapigo yakipanda kwa 20, lifungwe upya mara moja. Mpokeaji asiyelijua huanza na sehemu ya tumbo kwa sababu ndiko anakotaka kukagua, na mama aliyefika akiongea anazimia mbele yake. Mji wa mimba unaweza kukaguliwa, na hata kizazi kuoshwa, vazi likiwa limefungwa. Kwa upasuaji hufunguliwa sehemu ya tumbo tu, dakika ile kisu kinapoanza. Likishatolewa, lisafishwe na lirudi na gari linaloelekea kule lilikotoka, maana zahanati ile huenda ilikuwa na moja tu.