Kibonye Kimoja Kikivunjika, Usibadilishe Vyote

Kuna mafundi wa piano ambao kibonye kikivunjika dawa yao ni moja tu: toa vyote, weka vipya. Sikubaliani nao. Katika piano nyingi za zamani, vibonye vyote 88 vilikatwa kwenye ubao mmoja mpana wa kuunganishwa, vikapigwa namba kwa mpangilio. Ndiyo maana cha 40 hakikai sawasawa mahali pa cha 52, hata ukiviona kama mapacha. Seti mpya itadai kazi ya kulinganisha kila pini na kila nafasi. Yote hayo kwa ufa mmoja?

Na ufa wenyewe mara nyingi huwa katikati, penye tundu la pini ambayo kibonye hubembea juu yake. Mbao imetobolewa hapo, kwa hiyo ndipo ilipo dhaifu. Mtu akikichomoa kwa pupa, kwisha. Lakini mpasuko safi hurudiana vizuri kwa gundi ya kawaida ya mbao: paka, oanisha nyuzi za mbao, bana kwa klampu juu ya kitu kilichonyooka, acha mpaka kesho. Gundi iliyoingia kwenye tundu la pini ifute ikiwa bado mbichi, la sivyo kibonye kitakwama. Ukitaka kuimarisha ubavuni kwa kipande chembamba cha mbao, chonga kwanza unene uleule. Nafasi kati ya kibonye na jirani yake ni finyu mno.

Supa gluu niondoleeni. Inaganda kabla hujaoanisha chochote, na fundi atakayekuja baadaye hana pa kuanzia. Afadhali gundi ya ngozi ya wanyama waliyotumia wazee: hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo kazi inaweza kufunguliwa tena.

Vipande vya pembe za ndovu vilivyobandikwa juu ya vibonye vyeupe vya piano za zamani vinahitaji uangalifu zaidi. Ni vyembamba, unene wa kama milimita moja, na mwanga hupenya; gundi yenye rangi itaonekana kama doa. Ndiyo maana chini yake huwekwa kitambaa cheupe. Kipande kikibanduka, kitunze. Tangu 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na mbadala wa kufanana nacho kwa kawaida hutoka kwenye piano nyingine iliyokufa. Plastiki si dhambi, ila kibonye kimoja cheupe pe katikati ya vilivyopauka kinachekesha.

Na fundi akisema pembe zote zing'olewe, muulize kwanza atazipeleka wapi.