Kuku wa Idi aliyempeleka Baba zahanati

Mwaka huu Baba yangu alipimwa presha siku ya Idi pili, saa nane mchana, na kanzu yake mpya mwilini na paja la kuku mkononi. Lile paja alikataa kuliacha. Aliyempeleka huko ni mimi, na kuku niliyempika ni mimi.

Nianze na Baba. Mzee wangu ni mstaafu, nyumbani kwake ni Ngamiani, Tanga, na maisha yake yote amekula papa wa ng'onda kama mwenye ugomvi naye. Ng'onda ikichemshwa maji mara tatu kupunguza chumvi, yeye hunung'unika kwamba mmeiosha mpaka imekuwa mgonjwa. Basi presha ikamshika. Nesi wa kliniki akamwambia chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo humo ihesabiwe ile iliyokwisha kutiwa kwenye mkate, kwenye siagi na kwenye vile vidonge vya mchuzi. Baba akaniuliza kwa simu, sauti imemshuka, "Sasa Idi nitakula nini, mwanangu? Nilambe sahani?"

Mimi naishi Dar, natengeneza kompyuta, na mtu akinililia hivyo huwa najiona mkombozi. Nikamjibu, "Baba, tulia. Nakuja kukupikia kuku wa kujaza, hana chumvi, na utajilamba vidole."

Mama aliposikia alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mwe! Kuku wa kushindiliwa mkate? Na wewe ndiye utakayemshindilia?"

Lakini nilikuwa nimejipanga, na nataka haki yangu itendeke kabla sijafika kwenye aibu. Ule mjazo ulikuwa na akili ndani yake. Mkate wa boflo nilichukua nusu tu, kwa sababu mkate una chumvi yake tayari, nikaukatakata vipande vidogo na kuuanika kwenye sinia mpaka ukakauka kau. Nusu nyingine nikaweka muhogo wa kuchemsha, maana muhogo hauna chumvi mpaka uutie mwenyewe. Vitunguu maji vinne nikavikaanga kwa moto mdogo karibu dakika 40. Hapo ndipo wapishi wengi wanapokosea, wanaviharakisha. Kitunguu ukikivumilia hugeuka kahawia na kutoa utamu ambao chumvi yenyewe ingeuonea wivu. Firigisi na shingo nikazichemsha na tangawizi na kitunguu thomu, nikapata supu yangu bila kidonge chochote. Korosho zisizo na chumvi, zabibu kavu kiganja kimoja, hoho, kotimiri nyingi, mayai mawili ya kushikanisha, maji ya ndimu mbili na ganda lake la kijani nililolikwangua kwa kikwangulio cha karoti. Ulimi ukipata ukali wa ndimu hausumbuki sana kuuliza chumvi iko wapi.

Vilibaki viungo. Nilivinunua sokoni kwa bwana mmoja aliyeniapia kwamba vyote vimeshuka kutoka Amani, kule milimani Muheza, na harufu yake ingeamsha maiti. Sijui. Sikuisikia. Nilipanda basi la usiku kutoka Dar, dirisha la mbele yangu halifungi, nikafika Tanga pua zote mbili zimeziba kama mifereji ya Kariakoo. Yule bwana akanifungia vifuko vitatu vya nailoni vya unga wa kahawia: mdalasini, pilipili manga na karafuu. Karafuu ilikuwa ya pilau ya Mama. Akanionyesha kidole, hiki ni hiki, na hiki ni hiki. Mimi nikaitikia kwa kichwa huku nikipenga kamasi.

Mshaelewa.

Usiku ule mwezi ulikuwa umeandama jana yake, nyumba imelala imeshiba, mimi peke yangu jikoni na kuku wangu. Nikatia kijiko cha mdalasini. Nikanusa: hakuna kitu. Nikasema huyu muuza viungo kaniuzia vumbi la mbao. Nikatia cha pili. Cha tatu nikakijaza mpaka kikawa na kilima. Nikaonja. Ulimi ukapoa, ukawa kama umeguswa na barafu, lakini nilikuwa namung'unya pipi ya mafua, zile za kupoza koo, nikajua ni yenyewe. Mama akauliza kutoka chumbani, "Umeonja?" Nikajibu, "Nimeonja, Mama, mambo safi." Na kwa kweli sikudanganya.

Asubuhi nikamshona kuku kwa sindano ya magunia na uzi mweupe, nikamweka kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la mkaa, nikafunika kwa bati na kupalia makaa juu yake. Saa mbili na nusu baadaye alitoka mwekundu, ngozi inapasuka ukiigusa. Nilimpiga picha. Picha bado ninayo, huwa naiangalia kwa uchungu.

Tukakaa mkekani: Baba, Mama, Shangazi, dada yangu na mwanawe wa miaka sita. Baba akapewa paja na chungu ya mjazo. Akatia tonge la kwanza, akafumba macho. "Ina ladha," akasema. Nikavimba. Akala la pili, la tatu. Shangazi akasema, "Mashaallah, kina utamu wa kikwenu kweli," halafu akanyamaza ghafla na kuanza kujipapasa shavu. Dada akanywa maji, na maji yakamtoka pembeni ya mdomo. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo shida ya sisi watu wa pwani, mgeni akikulisha mchanga utamwuliza kaupata ufukwe gani.

Mtoto tu ndiye hakujua adabu hizo. "Mjomba, ulimi wangu umelala."

"Kula, wewe," mama yake akamwambia.

Kisha Baba akaweka tonge chini. "Mbona midomo haithikii?" Akajaribu tena. "Mbona nathungumutha hivi?"

Dada yangu aliwahi kuhudhuria semina ya siku moja ya huduma ya kwanza, na tangu siku hiyo amekuwa akisubiri mtu augue mbele yake. Akaruka. "Kiharusi! Baba, inua mikono yote miwili!" Baba akainua, mmoja una paja la kuku. Yote ilikuwa sawa. "Sasa tabasamu, Baba! Tabasamu nione kama mdomo umekwenda upande!" Baba ambaye hajatabasamu kwa amri ya mtu tangu azaliwe akamkazia macho. "Thitabathamu." Mama akaanza kulia. Mimi nikakimbilia barabarani kutafuta bajaji.

Mle ndani ya bajaji tulikuwa watano na dereva, na njia nzima nilikuwa nikisoma dua ambayo nusu ya herufi zake zilikuwa zinanikataa. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ni hofu.

Zahanatini nesi akamfunga Baba kile kitambaa mkononi, akapuliza. 152 kwa 94. "Imepanda kidogo, ila mtu aliyeletwa mbio hivi lazima ipande. Amekula nini?"

"Kuku," nikasema. "Thina chumvi mle. Kabitha."

Nesi akaniangalia mimi. Akamwangalia dada, ambaye alikuwa anajifuta mate kwa ncha ya mtandio. Akamwangalia Shangazi. "Na nyinyi pia mnaongea hivyo siku zote?"

Kimya. Akamsogelea Baba, akanusa karibu na kinywa chake, akarudi nyuma. "Mzee, una jino bovu?"

"Thina."

"Basi mmekula karafuu. Nyingi sana. Hii ndiyo wanayotumia kwa meno, mafuta yake yanatia ganzi. Nani kapika?"

Wote wanne, bila kupanga, wakanyoosha vidole kwangu. Hata Mama, aliyekuwa analia, aliacha kulia ili anyooshe.

Tulikaa pale nusu saa mpaka Baba akaweza kusema "samaki" bila kuteleza, nesi akaipima presha tena, ikawa imeshuka. Nikachukua nafasi. "Lakini chumvi sikutia hata punje," nikamwambia. Akasema hapo nilifanya vizuri. Nilitaka aniandikie kwenye karatasi.

Njiani kurudi Baba hakusema neno mpaka tulipopita kwa muuza mihogo ya kuchoma. Akamgonga dereva begani. Akashuka na kanzu yake, akanunua kipande kimoja, akakikamulia ndimu na kupaka pilipili, na kile kikopo cha chumvi alikiangalia kwa muda mrefu sana. Kisha akaniangalia mimi. Akakirudisha mahali pake.

Sufuria tuliikuta kama tulivyoiacha. Mama alifunika mjazo akisema atawapa kuku wa jirani, ila nao si viumbe? Kesho yake asubuhi, mimi nafunga begi, mlango ukabishwa hodi. Alikuwa mzee wa nyumba ya tatu, shavu moja limevimba kama ameweka andazi, ameshika bakuli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimethikia mmebakitha ule mkate wenu."