Mashine inaniuliza kama mimi ni mimi

Jamani mimi nimefungiwa akaunti yangu ya barua pepe na picha. Kosa langu? Usafi.

Ndiyo, usafi. Simu imeniimbia mwezi mzima, hifadhi yako inakaribia kujaa, hifadhi yako imejaa, hutapokea barua pepe, mnaijua ile meseji nyekundu sina haja ya kuieleza. Nikasema mimi mtu mzima na mvi zangu siwezi kulipia nafasi kila mwezi mpaka naingia kaburini kwa ajili ya picha za "asubuhi njema" zenye maua na njiwa. Juzi usiku nikakaa nikaanza kufuta. Nimefuta weee, picha mia nne na kitu, video za watu nisiowajua wanaanguka harusini, skrinishoti za skrinishoti. Nikalala mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Kuamka asubuhi: "Tumegundua shughuli isiyo ya kawaida kwenye akaunti yako."

Yaani wamenichungulia miaka 11 hawajawahi kuniona nafuta kitu, siku niliyofuta wakasema huyu siye, huyu mwizi. Sasa mwizi gani anaingia kwenye nyumba ya watu usiku, anadeki, anaondoka?

Na humo ndani ndimo nilimo mimi mzima. Namba za simu za ukoo wote, picha za mtoto anaanza kutembea, vyeti nilivyovipiga skani, halafu kile kitufe cha uvivu cha "ingia kwa kutumia akaunti yako" nimekibonyeza kila mahali bila aibu, kwa hiyo imefungwa moja zikafuatana zote kama mbuzi. Muziki hauchezi. Mafaili ya kazi siyaoni. Hata mizani ya bafuni haitaki kuniambia kilo mpaka niingie kwenye programu yake. Uzito wangu mwenyewe! Nimesimama juu yake, mzigo ni mimi, inanionyesha alama ya duara linalozunguka.

Basi nikajitengeneza, nikavaa na shati, nikasema nitalishughulikia hili suala kwa heshima. Simu kwanza ikakataa kunifungulia kwa sura. Mara mbili. Kumbe sura yangu walinisajili siku niliyonunua simu, nimefurahi meno yote nje, sasa hivi nimekunja uso haijui huyu baba ni nani. Ikabidi nisimame dirishani nicheke peke yangu ili nipate kwenda kulalamika.

Nimeingia, naambiwa thibitisha wewe si roboti. Chagua picha zote zenye taa za barabarani. Haya, ile nguzo ya taa ni taa au si taa? Ile miraba tisa inanitoa jasho kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nikachagua na nguzo, nikafelishwa. Nikaacha nguzo, nikafelishwa. Wakaniletea pikipiki, kwenye kona moja imetokeza sait mira tu, nimekaa naitazama hiyo sait mira dakika nzima kama hakimu. Na kinachokera, hii kazi tumeifanya bure muda mrefu. Zile herufi zilizopinda tulizokuwa tunaandika zamani zilikuwa maneno ya vitabu na magazeti ya kale ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma, Google wakaununua huo mfumo mwaka 2009, baadaye wakatuhamishia kwenye namba za nyumba na mataa. Vibarua wa dunia nzima, bila posho, na bado tunashukiwa.

Mara ya tano nikafaulu. Nikapokewa na mhudumu.

Mhudumu ni kaboti, programu ya kujibu meseji, kapicha ka katuni, kana macho makubwa na tabasamu lisilopoa, kananiambia kapo hapo kwa ajili yangu masaa 24. Nikakaandikia vizuri tu: habari, akaunti yangu imefungwa.

"Pole sana! Naelewa jinsi inavyokera. Ili niweze kukusaidia, tafadhali ingia kwenye akaunti yako."

Nikasema nimeshakwambia imefungwa.

"Nimekuelewa. Unataka kufunga akaunti yako moja kwa moja. Bonyeza HAPA kuthibitisha."

Nilitoa kidole kama nimegusa pasi. Nikaandika hapana hapana hapana. Kakaniambia, "Samahani kwa usumbufu! Una hapana 3. Chagua moja." Sijui hata maana yake nini hiyo mpaka leo.

Nikaomba mtu. "Sijaelewa 'mtu'. Chagua: malipo, nenosiri, mengineyo." Nikaandika binadamu. "Je, ungependa kuripoti binadamu?" Nikaandika MFANYAKAZI, kwa herufi kubwa, kikanijibu kwamba kwa sasa hawana nafasi za kazi ila niendelee kutembelea ukurasa wao wa ajira. Mimi! Mvi hizi!

Hapo nikatoa silaha. Nikakaambia, mwanangu, unaijua kesi ya Air Canada? Februari 2024, baraza la usuluhishi kule British Columbia, Kanada. Abiria kafiwa na bibi yake, akauliza nauli nafuu ya msiba kwa kaboti kama wewe, kaboti kakampa maelezo ya uongo, amekata tiketi anadai tofauti yake anaambiwa utaratibu si huo. Na shirika lilipofika mbele ya baraza likajitetea kama vile kaboti ni kiumbe kinachojitegemea na kinawajibikia maneno yake chenyewe! Kama vile kitaitwa kizimbani kimevaa tai. Baraza likasema hapana, tovuti ni yako na kaboti ni kako, lipa, wakalipishwa dola za Kanada 800 na ushee. Nimeandika yote hayo kwa kidole kimoja, dakika ishirini, na nukta nimeweka.

"Asante kwa kuwasiliana nasi kuhusu safari yako! Unasafiri lini?"

Mwanangu wa kumzaa alikuwa ananiangalia tu. Akasema baba usiandike mwenyewe, mwambie AI akuandikie, hao wanaelewana. Nikaona ni kweli, dawa ya moto ni moto. Nikaifungua ile nyingine, ya kuongea nayo, nikaiambia niandikie barua kali, kali haswa, msomaji ashindwe kulala. Ikaanza: "Natumaini ujumbe huu unakufikia ukiwa mzima wa afya." Afya ya nani? Nikasema ongeza ukali. Ikaweka "nimesikitishwa kidogo". Nikasema wewe, ongeza ukali, nimefungiwa maisha yangu! Ikashtuka, ikamwaga vifungu, kifungu cha 47(b) cha Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji wa Kidijitali, faini na kifungo, mpaka nikahisi nimekuwa wakili. Nikauliza, hii sheria ya nchi gani? "Uko sahihi kabisa kuuliza! Samahani kwa mkanganyiko, sheria hiyo haipo."

Haipo! Ingenipeleka! Ndiyo maana wale mawakili wa New York mwaka 2023 walitozwa dola 5,000 na jaji, walipeleka mahakamani kesi walizopewa na ChatGPT, AI ya kuongea nayo, zina majina na namba, na hazijawahi kutokea duniani. Mimi ningesemaje, ambaye hata tai sina.

Tukafuta vifungu, ikabaki barua ya kurasa mbili, nzuri, ina aya, ina heshima, nikaituma. Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Asante kwa ujumbe wako wa kina! Muhtasari: Mteja amefuta picha. Je, tatizo lako limetatuliwa?" Nikachukua jibu nikalipeleka kwa ile yangu, yangu ikajibu, nikachukua nikalipeleka kule, kule kukajibu. Nikashtuka saa sita imepita. Nimekuwa mshenga wa mashine mbili, nabeba maneno huku nayapeleka kule, wao wanaitana "asante kwa uvumilivu wako" na mimi kazi yangu ni kushikilia chaja isichomoke.

Na huyu mgeni AI nilimkaribisha mwenyewe. Novemba 30 mwaka 2022 ChatGPT inatoka nilikuwa nawacheka watu, siku tano tu ikapata watumiaji milioni 1, nikasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa jembe kweli. Sasa shamba lake. Hata jina hatujakubaliana, huyu anasema akili bandia, huyu akili mnemba, huyu akili unde, mtoto ana majina matatu na ndiye anatulea sisi.

Kwenye grupu la ukoo juzi kuna msiba, mtu mzima anatuma rambirambi ndefu imenyooka, "poleni sana kwa kuondokewa na [weka jina la marehemu hapa]". Hakuna aliyesema kitu. Watu kumi na wanne wakaweka emoji ya mikono.

Mtoto wa darasa la nne kaandika insha ya likizo yake, inaishia "kwa kumalizia, ni muhimu kutambua kwamba likizo ina faida lukuki". Tulikuwa nyumbani wote. Hakutambua kitu.

Kibodi yangu nayo nikiandika shikamoo inanirekebishia shampoo. Mjomba kanuna.

Mtu ataniambia hama, si uhame kampuni. Nimehama mara ngapi? Nilikasirika nikatoka Facebook nikaenda Instagram, kumbe waliinunua tangu 2012. Nikasema basi mimi na meseji zangu tu, WhatsApp inatosha, nayo walishainunua 2014, dola bilioni 19. Nabadilisha vyumba mwenye nyumba yuleyule. Na siku umeme wake ukikatika tunakaa giza wote: Oktoba 4, 2021 zilizima zote tatu kama masaa sita, na wafanyakazi wao wenyewe wakahangaika kuingia ofisini maana milango na kadi zake vilitegemea mtandao uleule uliokufa. Yaani fundi kafungiwa nje na kitu anachokuja kutengeneza. Siku ile niliwacheka. Leo sicheki.

Ile ya Julai 19, 2024 ndiyo ilinifurahisha, niseme ukweli wangu. Kampuni moja ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, katuma apdeti mbovu, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikagoma, skrini zikageuka rangi ya bluu, ndege nyingi zimelala chini dunia nzima, na huko India abiria wakaandikiwa kadi za kupandia ndege kwa kalamu. Kwa kalamu! Niliitazama ile picha muda mrefu. Kalamu ya bluu, mwandiko umelala upande, namba ya kiti. Haikuomba paswedi.

Mimi sigombani na teknolojia, msininukuu vibaya. Kinachoniuma ni kwamba sina wa kugombana naye. Yule karani wa zamani wa dirishani alikuwa na jeuri, nakubali, alikuwa anakuambia njoo kesho huku anachokonoa meno, lakini alikuwa na uso. Ulikuwa unaweza kumnunia. Ulikuwa unaweza kugoma pale pale kwenye foleni, watu wa nyuma wakakuunga mkono, akatoka mkubwa wake akasema kuna nini hapa. Saa saba anasikia njaa kama wewe. Hiki kinatabasamu tu, ukikitukana kinakushukuru kwa maoni yako, na nyuma yake hakuna mlango, nimetafuta, anwani yao ni sanduku la barua kwenye nchi ambayo kuifikia inabidi niombe viza, viza inaombwa mtandaoni, na kuomba unatakiwa uwe na barua pepe.

Haya. Jana saa nane usiku kaboti kakalainika, kakasema kuna njia moja imebaki, swali la usalama. "Rafiki yako wa utotoni anaitwa nani?" Nikaruka. Hilo naliweza! Nikaandika jina lake, si sahihi. Nikaandika jina lake la utani, si sahihi. Nikaandika la baba yake, nikaandika la yule mwingine tuliyekosana kwa sababu ya baiskeli, si sahihi, si sahihi. Nikalala chali nikaanza kujikumbuka miaka 11 iliyopita nafungua ile akaunti, nimechoka, wananiuliza maswali, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, halafu wananiuliza na rafiki zangu. Nikajiona. Nikakaa kitandani nikasema Mungu wangu.

Niliandika "inakuhusu nini".

Mama watoto akaamka akauliza umeongea na nani, nikamwambia lala. Nikaandika inakuhusu nini. Si sahihi. Nikaweka I kubwa. Si sahihi. Nikaweka alama ya kuuliza. Nikaandika haikuhusu, hayakuhusu, yanakuhusu nini wewe. Kaboti kakasema majaribio yamezidi, nirudi baada ya masaa 24, na kakaongeza kwamba kananijali.

Bado masaa sita na dakika arobaini. Nimeweka alamu, simu nayo inataka apdeti, nimeinyima. Nimechukua karatasi nimeyaorodhesha majibu yote kwa kalamu, yenye wewe, yasiyo na wewe. Halafu sasa hivi nakumbuka, enzi zile si tulikuwa tunafupisha kila kitu? "Nini" tulikuwa tunaandika "nn".