Kishikwambi kiwe cha mwanafunzi pia

Makala moja niliyoisoma inapendekeza kwamba vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 vitumike pia kuwasaidia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, nami, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, naunga mkono hoja hiyo kwa sharti moja. Mwandishi wake amejikita kwenye video na michezo ya hesabu, ilhali manufaa makubwa yamo kwenye mipangilio ya kawaida ya kifaa, ambayo hailipiwi. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi huwa na uoni hafifu na husumbuliwa na mwanga mkali, anaweza kukuziwa maandishi, kugeuziwa rangi ili herufi nyeupe zikae juu ya weusi, au kupigiwa picha ya ubao aisome akiwa kwenye dawati lake badala ya kusimama mbele huku akiwaziba wenzake. Asiyeona kabisa husomewa na programu ya sauti, mradi kitabu kisiwe kurasa zilizopigwa picha tu (na vingi tunavyorushiana kwenye makundi ya WhatsApp ndivyo vilivyo).

Sharti langu ni hili: mwalimu akimwachia mwanafunzi kishikwambi chake, yeye hubaki bila andalio la somo wala kitabu cha kiada, kwa hiyo halmashauri zitenge vifaa vichache vya wanafunzi wenyewe, zikianza na shule zenye vitengo vya elimu maalumu.