Nimefuta Dakika Tisa Tu, Wala Si Harusi Nzima

Kwa kuwa yule niliyemwita rafiki hadi juzi jioni amekwisha kuwatangazia ninyi nyote kwamba nimeifuta harusi ya dada yangu, sina budi kutoa maelezo yangu kabla habari haijaongezewa chumvi nyingine. Sikufuta harusi. Nilifuta dakika tisa za harusi, na kaseti yenyewe ni ya dakika 60, kwa hiyo wanaojua hesabu watakubali kwamba sehemu kubwa imesalimika. Kwamba dakika hizo tisa zilianzia pale bibi harusi alipofika mlangoni ni bahati mbaya ambayo haibadilishi hesabu.

Kazi yenyewe niliiomba mimi. Dada alikuwa akitafuta fundi wa kuihamishia kompyuta ile kaseti ndogo ya kamera ya video, aina ya MiniDV, nami nikamwambia, kwa sauti ambayo sasa naichukia, kwamba asipoteze fedha zake ilhali ndugu yake yupo. Saa mbili za kwanza niliunganisha kamera kwa waya wa USB, na kila mara kompyuta ilinifungulia picha tatu za mnato zilizokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha ikanyamaza. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kwenye kamera kama ile tundu la USB ni la picha za mnato, na video ya kaseti hupita kwenye waya wa FireWire, ule ambao ncha yake ya upande wa kamera ina pini nne na ya upande wa kompyuta ina pini sita. Nikaupata, nikauchomeka, nikafungua programu ya kuhariri video, nikaweka kamera kwenye PLAY na kuiendesha kaseti kidogo ili kujaribu. Harusi ikaonekana! Nikaisimamisha bibi harusi akiwa mlangoni, maana betri ilikuwa inakata roho, nikazima kamera na kuichomeka kwenye umeme.

Nilipoiwasha tena, swichi haikwenda kwenye PLAY. Ilikwenda upande wa pili, kwenye CAMERA. Tafadhali msicheke bado. Akiba yenu itahitajika huko mbele.

Kamera ikiwa upande huo, kinachopita kwenye waya si kilichomo kwenye kaseti bali ni kile ambacho lenzi inakitazama wakati huo, na lenzi ilikuwa mezani ikinitazama mimi, tena kutokea chini. Kwenye kidirisha cha programu nikajiona: kidevu, matundu mawili ya pua na dari. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nilifurahi. Nilijiambia kwamba programu inaikagua kwanza kamera na kwamba harusi itafuata punde tu kaseti itakapoanza kuzunguka. Nikabofya kitufe chekundu cha kunasa kwenye programu, yaani cha kuiingiza video kwenye kompyuta, lakini kaseti haikuzunguka. Basi nikatafuta kitufe chekundu kingine, nikakipata kwenye kamera yenyewe, nikakibonyeza.

Kamera ilikataa. Naomba jambo hili liandikwe mahali: kamera ilikataa. Ililia, ikawasha na kuzima alama ya kaseti, ikanionya kwa kila njia iliyojaliwa na walioitengeneza. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza, nikaona mgongoni mwake kipande kidogo cha plastiki kilichosogezwa kwenye SAVE. Kuna mtu mwenye busara aliyekisogeza pale siku ile ile ya harusi ili mtu wa aina yangu asije akarekodi juu yake. Nikakisukuma kwa ukucha hadi kwenye REC, nikasikia kikilia "tik", nikajipongeza kwa kugundua tatizo.

Safari hii kitufe chekundu kilikubali. Kaseti ikazunguka, taa nyekundu ikawaka mbele ya kamera. Nilikuwa nimesoma kwamba kompyuta ikishughulishwa wakati wa kunasa, baadhi ya picha hudondoka njiani, kwa hiyo sikugusa chochote. Nilizima hata kioo, nikakaa kungojea, maana kaseti ya saa moja hunaswa kwa saa moja kamili. Katika kungojea huko nilichokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu, kisha nikaanza kufanya mazoezi ya namna nitakavyopokea shukrani za familia. "Ah, si kazi kubwa," nilisema kwa unyenyekevu. Nikairudia kwa sauti nzito zaidi. "Si kazi kubwa, ni kuvijua tu vifaa."

Hapo ndipo rafiki yangu alipoingia. Akauliza harusi imefikia wapi, nikamjibu kwamba maharusi sasa watakuwa wameketi. Akanyoosha mkono, akawasha kioo. Kwanza kikaonekana kiti changu na sikio langu la kushoto. Akainama ili aone vizuri, na kwenye kioo akatokea mtu mwingine, naye ameinama. Rafiki yangu akakunja uso. Yule mtu naye akakunja uso. Akajikuna shingo polepole. Yule naye akajikuna. Kisha akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, mbona sikumbuki kualikwa kwenye harusi hii?"

Sikujibu. Niliitazama taa nyekundu, nikalitazama neno REC, na miguu ikaanza kunielewesha kabla ya kichwa. Tuliporudisha kaseti nyuma, bibi harusi alifika mlangoni, akainua uso, akaanza kutabasamu, kioo kikajaa miraba ya rangi kwa nusu sekunde, halafu yakaja matundu ya pua yangu kwa ubora kamili wa dijitali, megabiti 25 kwa kila sekunde, yakisema kwamba si kazi kubwa.

Mengine ni mafupi. Kamera ilirudishwa PLAY, kaseti ikarudishwa SAVE, kunasa kukakatika kabla ya dakika 20 kwa sababu diski yangu ya nje ilikuwa ya FAT32, mpangilio wa kuhifadhia usiopokea faili linalozidi GB 4, tukahamia kwenye diski nyingine, na kufikia usiku harusi yote iliyosalia, takriban GB 11, ilikuwa salama. Dada alioneshwa jana. Aliitazama hadi mwisho bila kusema neno, akaomba zile dakika tisa zirudiwe, akazitazama tena zote.

"Mdogo wangu," akasema, "hiyo fulana hukuiona kwamba imetoboka?"